Msumari wa Tatu

Baiskeli ilikuwa imeinuliwa juu ya stuli mbili katikati ya sebule, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, na Mwalimu alikuwa amekaa juu yake, jasho likimtiririka, akikanyaga pedali kwa nguvu zake zote bila kufika popote. Mke wake alipita na ndoo tupu.

"Ukifika mto wa kwanza nichotee maji," alisema, akaendelea na safari yake ya bombani.

Mwalimu alizidi kukanyaga. Pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Alifundisha jiografia, na nchi yake aliijua yote kwa kidole. Milima kwake ilikuwa rangi ya kahawia, na mito ilikuwa mistari ya buluu isiyomlowesha mtu. Baiskeli alikuwa hajaipanda tangu ujana wake, na hata wakati huo aliipenda zaidi kwenye mteremko.

Lawama zote zilikuwa za ukuta wa sebule. Hapo ilining'inia picha ya baba yake, Mzee akiwa kijana, kifua mbele, mkono juu ya usukani wa baiskeli aliyovuka nayo nchi nzima, mpaka hadi mpaka. Pembeni yake ilikuwa picha ya shemeji, mume wa dada yake, aliyeivuka mwaka jana. Kando ya hizo mbili Mzee mwenyewe alikuwa amegongelea msumari wa tatu, siku ile Mwalimu aliporopoka mbele ya familia nzima kwamba na yeye angekwenda. Alikuwa ameshiba, na mtu akishiba nchi huwa fupi. Sasa mchongoma alikuwa ameshaupanda. Kushuka ndiyo ngoma.

Msumari ule ulimtesa kuliko pedali. Kula alikula akiutazama. Aliogopa milima, aliogopa malori, aliogopa mbwa wa watu asiowajua. Zaidi ya vyote aliogopa kuwa mwanamume pekee wa nyumba ile aliyeshindwa, hali hata mkwe ameweza.

Akaenda kwa shemeji kuomba maarifa. Alimkuta dukani kwake akipanga makopo ya rangi.

"Shemeji, ile milima ya katikati uliipitaje?"

"Unaizunguka kwa kulia."

"Kulia kuna ziwa."

Shemeji alilisogeza kopo ambalo tayari lilikuwa limekaa vizuri. "Ndiyo. Unalizunguka na lenyewe."

Mwalimu akaamua moyoni kwamba ramani zake zimepitwa na wakati. Picha za njiani hazikuwepo, kwani simu ya shemeji ilidumbukia mtoni siku ya pili. Na vitu vya kubeba?

"Kandambili," alisema shemeji bila kusita, "na kitabu kinene."

Mwalimu alizidi kumheshimu. Huyu ndiye mtu aliyerudi kutoka safari ile akiwa amenenepa, na alipoulizwa akasema ni hewa safi.

Mzee naye, alipoombwa nasaha, hakusema mengi. Mashujaa hawana maneno, aliwaza Mwalimu, ndiyo maana mimi ninayo tele.

"Siku ya kwanza usijitie haraka," alisema Mzee. "Lala kwa shangazi yako. Ukishafika kwake, mengine yatajipa yenyewe."

Shangazi alikuwa dada yake Mzee, mkunga mstaafu, aliyeishi peke yake katika mji uliofuata, mwendo wa siku moja.

Asubuhi ya kuondoka mtaa mzima ulitoka. Mwalimu alikuwa amevaa kaptura ya kubana iliyomfanya mke wake ageuze uso na kucheka kwa mabega. Wanafunzi waliimba. Mzee alimshika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga, na Mwalimu akaona kwamba baba yake hajawahi kumtazama hivyo, hata siku ya harusi. Kwa ajili ya macho yale angeendesha hadi mwisho wa dunia.

Aliendesha hadi kilima cha kwanza. Sebuleni hakukuwa na kilima. Alishuka, akaisukuma baiskeli, akapitwa na mama mmoja aliyepakia gunia la mkaa kwenye yake, ambaye alimpa pole bila hata kuhema. Nyuma ya kilima cha kwanza kulikuwa na cha pili, jambo ambalo ramani ilikuwa imelinyamazia. Kufikia mchana alikuwa amemwahidi Mungu mambo mengi asiyoyaweza. Jua lilipoanza kupoa aligonga mlango wa shangazi, akiiegemea baiskeli kama mkongojo.

Shangazi alimpa maji, akamtazama anavyoyanywa.

"Shangazi, nimeshindwa," alisema Mwalimu. "Miguu imekataa, na moyo ulikataa kabla ya miguu. Nikirudi leo Baba ataumia. Angegomba ningevumilia, lakini hatagomba, ataumia tu. Nifiche hapa mwezi mmoja. Nitaosha vyombo, nitapiga deki, ila yeye asijue. Hivi aliwezaje, Shangazi, na enzi hizo barabara yenyewe hakuna?"

Shangazi hakucheka wala hakumkemea. Aliichukua baiskeli, akaizungusha hadi uani ambako majirani wasingeiona, kisha akamwongoza mpaka chumba cha nyuma. Ndani kulikuwa na kitanda kipana, kimeshatandikwa.

"Shemeji yako alilala upande wa ukutani," alisema, akikung'uta mto. "Baba yako yeye alipenda wa dirishani. Chagua wewe."