Wageni wa Pikoboli

Wageni walipobisha hodi, Elkanah alikuwa ameshaacha kazi. Kuendesha basi la wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, huku Marekani, alimwambia mkubwa wake wa Herndon, si kazi ya baba wa mchezaji wa kulipwa. Mkubwa alimtakia kila la heri, tena upesi mno, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

Wageni walikuwa wawili na hawakupendana. Mmoja alikuwa Mmarekani ambaye hakuvua kofia hata ndani ya nyumba ya watu, kwa hiyo Elkanah akambatiza Bwana Kofia. Wa pili aliitwa Yohan, Mkongo wa Langley Park, suti ya buluu na manukato ya kujaza kanisa. Walitoka kwenye mashindano mawili hasimu ya pikoboli, ule mchezo wa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu ambao Wamarekani walijitungia ili watu wazima wagombane bustanini. Kila mmoja alimtaka mchezaji wa nyumba hii. Ukisaini kwa mmoja, kwa mwenzake huchezi.

Mchezaji, bila shaka, ni Abigail, binti yake, mwanafunzi wa uuguzi. Kila alfajiri alitoka na begi la vibao kwenda viwanja vya pale Bowie, bibi yake akifuata nyuma, eti kumbebea maji.

Elkanah hakuwahi kwenda kutazama. Si uvivu. Bibi huyo, Kogo Cherono, ni mama mkwe wake, na Elkanah alilelewa vizuri: mtu hamkazii macho mama mkwe, haketi naye chumba kimoja, na uwanjani ndiyo kabisa hamfuati. Tangu mama huyo aje kutoka Kenya kulea wajukuu, walisalimiana kupitia pazia la jikoni. Alichokijua kwake ni mkono. Mkono unatoka na birika, mkono unarudi.

Kombe la kwanza lilipoingia nyumbani, Elkanah alimpongeza Abigail mbele ya kanisa zima. Binti alitaka kusema kitu. Babaye akamwambia unyenyekevu ni mzuri ila usizidi. Chelagat, mkewe, naye alijaribu mara mbili akitoka zamu ya hospitali. Akaambiwa asubiri, haya ni mambo ya biashara. Akasema sawa, akaenda kulala. Leo alikuwa amebadilisha zamu makusudi, ameketi kochini na uso wa mtu aliyelipia tiketi.

Bwana Kofia alianza. Kwao kila mtu hucheza kivyake. Unaweza kucheza mmoja kwa mmoja, unaweza kutafuta mwenzako mkawa wawili, lakini jina bangoni ni lako. Ukishinda umeshinda wewe. Ukishindwa unatafuta ndege ya kurudi.

Yohan akacheka kwa pua. "Mzee, ile ni upweke. Kwetu ni ekipe. Batu bane: banamuke babili, banaume babili. Moya akianguka, benzake banamuinua."

Akaeleza kwamba timu zina wenyewe, matajiri wanaochagua wachezaji kwa zamu kama mtu anayechagua nyama buchani. Elkanah akauliza kwenye timu baba mtu hukaa wapi. Yohan akasema hapo kuna kocha wa timu, lakini ndugu wanakaribishwa jukwaani. Basi ligi ya timu ikafia hapo hapo.

Yohan hakujua kwamba amezikwa, akaendelea. Mashindano yote mawili yalikuwa yanafungua kundi jipya la wachezaji, ndiyo maana wana haraka. Alipotaka kueleza habari za umri katika kundi hilo, Elkanah alimkatiza: umri si neno, wageni hawakukosea nyumba.

Bwana Kofia akauliza habari ya magoti.

"Hayo ni magoti ya Mkalenjin," Elkanah alimjibu. "Bado mapya. Hata plastiki hatujatoa."

Chelagat alikohoa. Bwana Kofia akaandika kitu, kisha akauliza safari zikianza nani atabaki na mtoto, akimwonyeshea kidole Kiplagat, kitinda mimba, aliyekuwa akiburuta gari lake chini ya meza.

"Bibi yake yupo," alisema Elkanah. "Hana kazi nyingine."

Wageni wakatazamana, mara ya kwanza siku hiyo kama watu wa upande mmoja. Nyuma ya pazia kijiko kilianguka. Abigail aligeuka kulitazama pazia.

Elkanah aliona wanajizungusha bure. Akasimama, akavuta suruali, akatangaza kwamba familia imeamua: kila mtu kivyake. Damu yake haikuja Marekani kugawana jina na watu watatu. Akaagiza kalamu.

"Abigail, njoo usaini."

Abigail aliinuka. Viatu vyake vya michezo vilikuwa vyeupe kama siku vilipotoka dukani. Aliipita kalamu, akaenda hadi mlango wa jikoni, akavuta pazia.

Elkanah, mtu wa adabu, aliinamisha macho sakafuni haraka. Hapo ndipo alipoviona viatu vingine, vimelika upande mmoja, rangi ya kijani ya uwanja imeganda puani. Juu ya viatu, soksi fupi. Juu ya soksi, magoti mawili yaliyofungwa bandeji. Hakuthubutu kupanda zaidi ya hapo.

Wageni wote walisimama. Bwana Kofia akavua kofia.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya Kogo Cherono juu ya magoti hayo, "mimi naenda na timu. Peke yangu nimeshacheza sana, huko jikoni."