Joho Jekundu

Kibaka alichomoa kisu kwenye foleni ya sinema, na kaka yangu, fundi magari mzima mwenye watoto, akatabasamu.

Filamu za shujaa wetu zilikuwa zimerudi baada ya miaka mingi. Foleni nzima tulivaa joho lake jekundu. Utotoni kaka alikuwa akidaka rula niliyomshushia kati ya viganja viwili, kama shujaa anavyodaka panga, na hakukosa hata siku moja.

"Mpe simu tu, kaka."

"Tulia, mdogo wangu."

Kibaka alipochoma, kaka alichelewa kidogo kudaka. Kisu kilizama shingoni, viganja vikabana mpini, vikakataa kuachia. Damu na joho vilikuwa rangi moja.

"Wameigiza vizuri," mtu akasema nyuma yetu, na foleni nzima ikapiga makofi.