Chuma Kimekataa

Biskuti ya tatu nayo iligoma kutoka. Mama mkwe alikitikisa juu ya mafuta kile chuma chenye umbo la ua, kinachochovywa kwenye rojo kisha kwenye mafuta ya moto, akakigonga ukingoni mwa karai, wapi! Ua lilipasuka, vipande vikazama na kuungua.

Mkamwana wake, aliyekuwa akikoroga rojo la unga na mayai, hakuthubutu kuinua macho. Sababu aliijua. Jana jioni alikisugua chuma hicho kwa sabuni mpaka kikang'aa.

Na si kwamba alikosea. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba chuma cha maua hufutwa kwa kitambaa tu, maana mafuta yaliyokikolea kwa miaka ndiyo yanayoachia biskuti. "Ukitaka kukiua, kipige sabuni," alimwambia wiki hiyo hiyo, tena akarudia, kama anayesema na kiziwi.

Lakini angefanyaje? Macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Majuzi alimimina mafuta nje ya karai, moto ukapanda ukala mkono wa gauni. Mungu tu ndiye aliyenusuru. Mwanawe alipomsihi aachane na jiko, alifokewa mbele ya ukoo mzima: "Nitaacha siku chuma kitakaponikataa! Kabla ya hapo asinifuate mtu!" Na mama hakuwa mtu wa kula matapishi yake.

Basi jana mkamwana alipoingia jikoni, shetani naye hana likizo, akaikuta sabuni ya kuogea pale pale rafuni, ubavuni mwa chuma. Akaichukua.

Sasa wifi yake alichungulia kutoka sebuleni, walikokaa wageni. "Mama, leo tunakula maua au makaa?"

Wageni wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, kicheko kikavu. Mkamwana alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama huyu alimpokea kama mtoto wa tumbo lake, hakuwahi kumwita hata mara moja "mke wa mwanangu", na shukrani yake ndiyo hii, kumvua nguo hadharani! Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

Mama alijaribu tena. Biskuti iling'ang'ania kama kupe. Akazima jiko, akakifuta chuma polepole, kisha akapaza sauti ifike sebuleni.

"Haya, kimenikataa! Nilisema nitaacha, nimeacha. Msije mkasema sikuwaambia."

Mama akanyoosha mkono na chuma chake, akangoja kipokewe. Mkamwana alikipokea huku machozi yakimdondoka kwenye rojo.

"Mama, nisamehe. Mkono wako hauna kosa. Ni mimi, jana ni..."

"Nyamaza we, watakusikia!" Mama alimvuta karibu, akampapasa shingo, shavu, mpaka akalipata sikio, akanong'ona: "Kairudishe sabuni yangu bafuni. Tangu Jumatatu nakuwekea pale kando ya chuma, nikawa najiuliza, huyu mtoto mbona mzito hivi kuelewa?"