Wa Kwanza Kufa

Siku hizi, mji wowote utakaofika, filamu za kutisha hazina waigizaji. Mtazamaji mwenye zamu anataja watu wa nyumbani kwake, na mashine inatia sura zao kwenye picha. Anataja pia nani afe kwanza, yule anayesikia kishindo nje akaenda kuangalia peke yake. Akijitaja mwenyewe, anatolewa ukumbini sura yake ikishakufa.

Zamu ya Shomvi ilipofika, alitaka kuona filamu hadi mwisho. Akamtaja mkewe, Tunu, afe kwanza.

Jirani aliyekuwa ukumbini alimtangulia kufika nyumbani, akamsimulia Tunu. Shomvi akamkuta mkewe anapakua wali.

"Nilikufa vizuri?" Tunu akauliza.

"Mama Zaina, ile ni picha tu."

"Najua. Wanasema ulicheka."

Shomvi akanawa mikono. Alicheka kweli, tena kwa sauti.

Wakaanza kula. Tunu akampa kipande kikubwa cha samaki, kama kawaida yake. Mara kikasikika kishindo uani, labda paka kaangusha sufuria. Shomvi akainuka.

"Kaa ule, baba Zaina," Tunu akasema, akichukua tochi. "Hii kazi yangu."

Akatoka, akarudishia mlango taratibu. Shomvi alibaki na tonge mkononi, anasikiliza.