Meya wa Kijani

Asubuhi polisi walipomchukua Meya Untalan, uso wake ulianza kutoweka mjini kabla hata wali wa mchana haujaiva.

Ulitoweka kwanza kwenye bajaji ya Doming, ambayo pazia lake la mvua lilikuwa turubai la kampeni. Akaligeuza ndani nje. Ukatoweka kwenye mabanda ya kuku, kwenye vibanda vya samaki, na kwenye paa la choo cha mwalimu mkuu. Tangu uchaguzi uishe, miaka miwili sasa, mji mzima ulikuwa ukijikinga mvua kwa meno ya Meya.

Sokoni watu walijazana mbele ya televisheni ya Aling Pasing, yaani Mama Pasing, muuza ndizi za kukaanga. Meya alikuwa akitoka mahakamani kwenye kiti cha magurudumu, shingo imefungwa kola nyeupe.

"Hebu mtazameni!" Pasing akapaza sauti, mwiko mkononi. "Alhamisi kakata mauno jukwaani wimbo mzima. Leo shingo haigeuki!"

"Shingo nzima hiyo, mama," Doming akasema. "Aliyevunjika ni yule mkandarasi wa barabara. Katapika yote."

"Yote yapi?"

"Kwamba kampeni kailipia yeye. Mkandarasi wa serikali haruhusiwi kuchangia hata kofia. Sasa wachunguzi wanakuja kutoka Manila kuhesabu maturubai, waone yaligharimu kiasi gani. Na kila mwenye turubai ataulizwa alipewa pamoja na nini."

Kicheko kikakatika. Kila mmoja pale alikumbuka "nini" yake: mchele, dagaa wa kopo, bahasha.

"Mimi sikupewa kitu," Pasing akasema. Kisha akakumbuka fulana ya kampeni aliyovaa, akaivuta aproni mpaka kidevuni.

Aling Auring, mjane wa miaka sitini na mitatu, alikuwa benchi la nyuma. Aliinuka, ndizi yake haijafika nusu.

"Doming, lako la kijani?"

"La bluu, Aling Auring. Kwani vipi?"

Alikuwa ameshaondoka.

Maturubai yalikuwa ya aina tatu. La bluu, Meya ameinua dole gumba. La njano, Meya na mkewe. La kijani, Meya akimkumbatia mkulima wa minazi aliyeonekana mgongo tu, na kucheka mpaka magego yanaonekana. Auring alikuwa nalo la kijani, ukutani jikoni, lakini jua lilikuwa limelila likabaki jeupe kama shuka.

Kwa mchinja nyama alikuta la njano. Kwa fundi viatu alikuta la kijani, limeshachanwa vipande vya kufungia nyanya. Nyuma ya kanisa alikuta jingine likiungua, akasimama kando ya moshi mpaka machozi yakamtoka. Vijana waliokuwa wakichochea moto wakagongana viwiko.

"Bibi, ukimpenda hivyo, mpelekee chungu cha mchuzi wa adobo huko gerezani!"

"Weka na nyama laini. Shingo inamuuma!"

 Auring aliuliza tu kama wanajua pengine palipobaki la kijani. Mmoja wao, bado anacheka, akamwelekeza: banda la nguruwe la Aling Pasing.

Alimkuta Pasing ameshalishusha, kibiriti mkononi. Nguruwe jike alikuwa amelala juu ya upande mmoja wa turubai, hataki kuhama.

"Usichome," Auring akasema, akihema. "Nipe mimi."

"Wewe una wazimu? Wachunguzi wakilikuta kwako, utasema nini?"

"Nitasema ni langu."

Pasing akamtazama toka juu mpaka chini. "Auring, dada yangu, tumejuana tangu tunasoma. Niambie ukweli. Huyu mwizi umempendea nini?"

"Nitakupa kuku wangu. Yule anayetaga."

"Mwekundu?"

"Mwekundu."

Pasing akashusha kibiriti, maana kuku mwekundu hakuwa wa mchezo. Lakini mdomo haukuweza kutulia. "Yaani unanishangaza. Osting wako, Mungu amlaze pema, jeneza lake halikuwekwa hata picha juu. Tukakesha tunatazama ua la plastiki. Haya, marehemu alikimbia kamera kama anadaiwa, sawa. Lakini leo unatoa kuku kwa ajili ya picha ya Meya!"

Auring akainama, akamsukuma nguruwe kwa goti, akavuta turubai. Lilikuwa na matope upande mmoja, na tundu moja kwenye tai ya Meya. Alilikagua pole pole, akafuta kona kwa kiganja, kisha akalikunja kwa uangalifu kama nguo ya kanisani.

"Kuku nitamleta kabla giza halijaingia," akasema.

"Na mayai ya leo?"

"Na mayai ya leo."

Nyumbani alilitandaza sakafuni, akalisugua kwa sabuni mpaka kijani kikarudi. Akachukua mkasi. Alianzia kwenye paji la uso la Meya, akashuka kando ya shavu, akayazunguka magego, akapita begani taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alimkunja Meya mara nne, akampeleka kwa Pasing pamoja na kuku, ili achomwe kama ilivyopangwa. Vidole vitano tu havikutoka, vile vilivyokuwa vimemshika mkulima mgongoni.

Kipande kilichobaki kimepigiliwa misumari mbele ya meza yake. Auring anakula akikitazama kisogo cha Osting, alichokinyoa kwa mkono wake kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mmoja.