Mabawa ya Kwale

Hekaya hii aliisimulia kwanza Bi Mwanamkasi, mwaka wa nzige.

Kwale alilea vifaranga wa wenzake nyumbani kwake, chini ya Korongo wakala, aliyemletea wateja na kumwekea mpaka: vifaranga wasizidi anaoweza kuwafunika kwa mabawa yake.

"Mabawa ni yangu, nitayapima mwenyewe!" Kwale akasema, akajitoa kwa Korongo.

Akina mama wakamiminika. "Shoga, huyu wangu tu, mdogo kama punje!" Kwale hakujua kukataa, siku zote aliyekataa alikuwa Korongo.

Mwewe aliposhuka, Kwale akawafunika kwanza wa watu, maana ni amana. Mabawa yakajaa. Aliyebaki nje akilia "Mama!" alikuwa wake.

Wale wa watu wangali hai wote, na Korongo pia. Kwale naye yupo. Mwanawe wa pekee hayupo.