Jani Kavu la Mgomba

Fundi Ishengoma alifungua bomba la petroli la lori lililozimika, akalinyonya, akatema. Nyuzi za jani kavu la mgomba zikamnasa ulimini. Kifuniko cha tenki kilikuwa kimepotea, na bwana shamba mwenye lori alikuwa ameliziba kwa majani, kama kibuyu cha pombe.

Ndiye huyu aliyepita na amri ya Mwingereza kwamba migomba yenye ugonjwa ikatwe. Kwenye kibanja cha Ishengoma, shamba lake la migomba, aliamuru ikatwe hata ile mizima iliyolitia kivuli kaburi la baba yake. Tangu siku hiyo kaburi linachomwa na jua.

"Umeona tatizo, fundi?" aliuliza bwana shamba, bila kumtambua.

"Uchafu kidogo tu, bwana."

"Basi fanya haraka. Kuna kibanja kingine Kamachumu nataka kikatwe leo."

Ishengoma alizitazama zile nyuzi kiganjani, zimelowa petroli. Akazisokota taratibu mpaka zikawa kidonge, akazisukuma tena ndani ya bomba, akakaza nati.

"Washa, bwana."

Lori likaunguruma. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ilitosha kumfikisha bwana shamba katikati ya kilima cha kwenda Kamachumu tu, mahali pasipo na kivuli hata cha mgomba mmoja.